Miche inadumaa kwenye shamba la zabibu la zamani? Pima mizizi kwa chupa kabla hujaagiza Fuso la samadi

Maswali ni yaleyale kila mwaka, na yanazidi mvua za Desemba zikikaribia. "Nimeng'oa mizabibu mizee nikapanda mipya, huu mwaka wa pili haisogei." "Kipande cha zabibu nimekigeuza bustani ya nyanya, miche inabaki palepale." "Bwana shamba kaniambia udongo una kopa nyingi. Nikimwaga samadi, sumu itaisha?" Wanaouliza wanatoka huku Dodoma: Hombolo, Mpunguzi, Mvumi, Veyula, na siku hizi hata wenye viwanja vya mjini waliouziwa mashamba ya zabibu yaliyokatwakatwa.

Tuanze na hilo la mwisho. Sumu haiishi. Kopa, yaani shaba iliyomo kwenye dawa za ukungu, haiozi wala haipotei hewani. Ukishaiweka shambani imekaa. Samadi iliyoiva inaikamata isiufikie mzizi, na kwa mmea hilo linatosha. Ila inaikamata kiasi gani, na kwa samadi ya kiasi gani, kunategemea udongo wako na samadi yako. Hapo ndipo watu wanapoteza hela: wananunua samadi kwa kukisia. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kuuliza mizizi yenyewe kwa chupa tupu za maji na mbegu za mtama. Hesabu kama wiki tatu na nusu tangu kuchota udongo hadi kupata jibu, kwa hiyo anza Septemba au Oktoba, usisubiri wingu.

Nadharia kidogo, basi

Mzizi haujali udongo una kopa kiasi gani kwa jumla. Unajali ile iliyo huru kwenye maji ya udongo, kwa sababu ndiyo inayoishambulia ncha ya mzizi. Mboji, yaani mabaki ya samadi na mimea yaliyooza udongoni, ina sehemu nyingi zenye chaji hasi, na kopa yenye chaji chanya inanasa hapo na haibanduki kirahisi. Ndiyo maana mashamba mawili yanaweza kuwa na kopa sawasawa kwenye karatasi ya maabara, moja mizizi ikashuka vizuri na lingine ikakwama.

Udongo mwingi wa Dodoma ni kichanga chenye mboji kidogo. Joto linaimaliza haraka, mabua yanaliwa na ng'ombe, na yanayobaki ni ya mchwa. Kwa hiyo kopa ambayo udongo mweusi wenye mboji ungeivumilia, kichanga chetu kinaiacha huru. Jambo la pili ni uchachu: pH ikishuka, kopa inaachiwa zaidi. La tatu, metali hazifanani. Kopa na risasi hushikwa sana na mboji. Zinki na kadimi hushikwa kwa ulegevu, na zinafuata pH zaidi. Samadi iliyokusaidia kwenye kopa usitegemee ifanye kazi ileile kwenye zinki.

Kopa ilitoka wapi? Kwenye pampu yako. Mchanganyiko wa mrututu (chumvi ya kopa, ya buluu) na chokaa dhidi ya ubwiri wa chini, ukungu wa majani ya zabibu, ulitangazwa na mtaalamu wa mimea Millardet kule Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1885, na tangu hapo mizabibu duniani kote inapuliziwa kopa. Piga hesabu ya kwako. Eka moja ya kichanga, kwa kina cha sentimita 20, ina udongo wa kama kilo milioni 1.2. Kilo moja ya dawa yenye kopa asilimia 50 inaacha gramu 500 za kopa, ambayo ni kama miligramu 0.4 kwa kila kilo ya udongo. Ni kidogo sana. Lakini pulizia mara 8 kwa mwaka kwa miaka 20, umefika kama miligramu 65. Na kwa kuwa kopa inanasa juu na haishuki haraka, kama yote imebaki kwenye sentimita 5 za kwanza, hapo ni zaidi ya 250. Umoja wa Ulaya wenyewe umeweka kikomo cha kilo 28 za kopa kwa hekta kwa kila miaka 7, si kwa sababu ya walaji tu, ni kwa ajili ya udongo pia.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Chupa 20 za maji za lita moja na nusu, zimekatwa shingo. Usitumie vikombe vifupi vya mtindi, sababu utaiona.
- Ndoo mbili za lita 20, za plastiki. Ndoo ya bati weka pembeni, inaachia zinki.
- Chekeche la mchanga wa plasta.
- Samadi ya ng'ombe au mbuzi, iliyokaa na kuiva. Debe moja linatosha.
- Chokaa ya kilimo, kijiko kimoja tu cha chai. Kama unayo ya kupaka ukuta tu, tumia nusu kijiko, hiyo ni kali zaidi.
- Mbegu za mtama zisizopakwa dawa, kama 150. Zile zenye rangi nyekundu au ya waridi ziache. Dawa iliyopakwa itakuharibia majibu. Mtama wa kula wa sokoni unafaa, mradi uote.
- Rula, kalamu ya wino usiofutika, beseni, kitambaa cha pamba, daftari.
- Maji ya mvua uliyohifadhi, kama yapo. Kama hayapo, maji yoyote ya kunywa, ila yawe yaleyale kwa chupa zote. Ukiona birika lako linashika ukoko mweupe, hayo maji yana kalisi nyingi, na kalisi inaukinga mzizi kidogo dhidi ya metali. Jaribio litafanyika, lakini madhara yataonekana madogo kuliko yalivyo.

Kwanza ipime samadi. Nyingi inayouzwa kutoka kwenye mazizi ya kwetu imezolewa pamoja na mchanga wa chini, na unalipia mchanga kwa bei ya samadi. Weka kikombe kimoja kwenye chupa ya maji, tikisa, iache dakika moja. Mchanga unakaa chini kwanza, samadi yenyewe inabaki juu yake au inaelea. Kama mchanga ni nusu, kumbuka hivi: ukifanya jaribio na samadi hiyo, kisha shambani ukapeleka safi ya muuzaji mwingine, gawanya kipimo kwa mbili; ikiwa kinyume chake, zidisha mara mbili. Nimeshaona mzigo ambao ulikuwa mchanga zaidi ya samadi, na muuzaji akaapa ni "samadi safi ya miaka mitano".

Samadi ya kuku wa biashara au nguruwe usiitumie kwa kazi hii. Vyakula vyao mara nyingi huongezewa kopa na zinki, na hizo zinatokea upande wa pili. Mboji ya dampo iache pia, imo betri na vipande vya bati.

Hatua kwa hatua

1. Chota udongo wenye mashaka. Pita shambani kwa zigizagi, chota sehemu 10 hadi 15 chini ya mistari ya mizabibu, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo moja. Usichote njiani unapopita na toroli. Pale mlipokuwa mnachanganyia dawa, kando ya pipa, patakuwa na kipara ambapo hata magugu yanasita. Hapo pasiingie kwenye ndoo hii. Ukitaka kupajua, pafanyie jaribio lake peke yake.

2. Chota udongo safi wa kulinganisha. Hii ndiyo hatua inayoharibiwa kuliko zote. Udongo safi maana yake ni udongo wa aina ileile, rangi ileile, ambao haujawahi kupuliziwa: nje ya uzio, upande ambao upepo hauleti dawa. Usiende kuchota udongo mweusi wa mbugani kwa sababu "unaonekana mzuri". Huo una mfinyanzi na utakupa tofauti ambayo haihusiani na kopa. Usichote pia chini ya upenu wa bati la nyumba. Maji ya mvua yanayotiririka kwenye mabati yanashusha zinki miaka na miaka, na mstari huo wa ardhi una sumu yake.

3. Kausha kivulini, chekecha. Ondoa mawe, mizizi ya zamani na vipande vya mabua.

4. Gawa makundi matano. Kila kundi tengeneza kama lita 5, zinatosha chupa nne:
   - A: udongo safi mtupu
   - B: udongo wenye mashaka mtupu
   - C: udongo wenye mashaka vikombe 9, samadi kikombe 1
   - D: udongo safi vikombe 9, samadi kikombe 1
   - E: udongo wenye mashaka lita 5, chokaa kijiko kimoja cha chai

   Watu wanapenda kuruka D. Usiiruke. Samadi ambayo haijaiva inachoma mizizi yenyewe kwa amonia na chumvi, na bila D hutajua kama mzizi wa C umeumizwa na kopa au na samadi. E inakuambia kama shida ni uchachu.

5. Lowanisha, funika, subiri wiki mbili. Yote matano, hata A na B. Unyevu wa kutosha ni huu: finyanga kiganjani, udongo ushikane lakini usichuruzike maji. Weka kwenye mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa ulegevu, kivulini. Wanaoharakisha hatua hii wanapata majibu mabaya kwenye C, kwa sababu samadi inahitaji muda kukutana na kopa na kutulia.

6. Jaza chupa. Toboa matundu matatu chini, jaza hadi sentimita tatu kutoka juu, gonga chini taratibu udongo ukae bila kuushindilia. Andika herufi na namba kwenye plastiki: A1, A2, A3, A4 na kuendelea.

7. Otesha mbegu kwanza. Zifunge kwenye kitambaa kibichi usiku mmoja au mbili, mpaka ncha nyeupe ya mzizi itoke kama milimita mbili. Chagua zinazofanana. Panda tano kila chupa, kina cha sentimita moja na nusu, ncha ikitazama chini.

8. Panga chupa zikiwa zimechanganyika. Usiweke A zote kwenye jua na B zote ukutani. Zifunike kwa gazeti au nguo pembeni ili mwanga usiipige mizizi kupitia plastiki. Mwagilia kidogo kidogo, kikombe kilekile kwa kila chupa. Jioni ni bora; mchana wa Oktoba chupa iliyo juani inachemka.

9. Siku ya sita au ya saba, fungua. Soma kwanza hatua ya 10. Pasua chupa kwa kisu, laza udongo kwenye beseni la maji, acha ulainike, mche uje wenyewe. Ukivuta umekata mzizi, na mzizi uliokatwa si kipimo.

10. Tazama kabla ya kupima, kisha pima. Kabla hujalaza udongo majini, ng'oa mche mmoja wa A na mmoja wa B vikiwa vikavu kidogo. Ule wa A unatoka na mchanga umeung'ang'ania kuanzia karibu na mbegu hadi juu kidogo ya ncha. Ukiutikisa haudondoki wote, kwa sababu vinyweleo vya mzizi vimeushika. Mzizi ulioumizwa na kopa unatoka mtupu kama waya. Ncha imekuwa nene, ya kahawia, mizizi ya pembeni mifupi au haipo. Ukishaona tofauti hiyo kwa macho yako mara moja hutahitaji rula kuamini. Hata hivyo pima: mzizi mrefu kuliko yote wa kila mche, kwa sentimita. Andika zote 20 za kila kundi, tafuta wastani.

Kwa nini siku saba tu? Kwa sababu mche bado unakula akiba ya mbegu. Ukiuacha wiki tatu, nitrojeni ya samadi itaanza kuukuza, na utashangilia kopa imeshikwa kumbe ni mbolea tu.

Kusoma majibu

Linganisha B na A, halafu C na D. Usilinganishe C na A, maana samadi nayo ina athari zake.

Tuchukue mfano wa hesabu. A wastani sentimita 12, B 6, C 10, D 12.5. B ni nusu ya A: udongo wako kweli unaumiza mizizi. C ni asilimia 80 ya D: samadi kwa kipimo cha moja kwa kumi imerudisha sehemu kubwa ya urefu uliopotea. Shamba la namna hiyo nisingelikatia tamaa.

B ikilingana na A, au ikipungua kidogo tu, acha kuilaumu kopa. Miche yako inadumaa kwa sababu nyingine: maji, minyoo fundo (minyoo midogo ya udongo inayotia mizizi vinundu), ardhi iliyoshikamana, au miche yenyewe. Sehemu kubwa ya wanaokuja na hofu ya kopa wanaishia hapa, na afadhali, maana hayo yanatibika kirahisi zaidi.

B ikiwa mbaya na E ikiwa nzuri kuliko C, shida kubwa ni uchachu. Udongo wenye pH chini ya 5.5 unaanza kuachia alumini na manganizi, na hizo zinafupisha mizizi hata pasipo kopa. Chokaa ndiyo dawa ya kwanza, samadi inafuata.

B mbaya, C mbaya, E mbaya, lakini A na D nzuri: ama kopa ni nyingi kupita uwezo wa kipimo hicho, ama si metali. Rudia C kwa moja kwa tano. Ikigoma tena, fikiria chumvi (tafuta utando mweupe juu ya udongo ukikauka) au dawa ya magugu.

Kutoka kwenye chupa kwenda shambani

Sasa ndipo fedha inapoingia. Moja kwa kumi kwa shamba zima, kina cha sentimita 20, ni tabaka la samadi la sentimita 2. Kwa eka moja hiyo ni kama mita za ujazo 80. Hakuna anayefanya hivyo, na sikushauri. Peleka samadi mzizi ulipo.

Shimo la mzabibu la sentimita 60 kila upande lina lita 216. Sehemu ya kumi yake ni lita 21 na kitu, yaani ndoo moja kubwa kwa shimo. Ukigundua samadi yako nusu ni mchanga na jaribio ulifanya na samadi safi, weka ndoo mbili. Changanya vizuri na udongo, usiimwage chini kama godoro. Mzizi utakaokwepa tabaka hilo utakutana na udongo uleule wa B.

Hapa kuna ushauri wa kawaida ninaoutilia mashaka. Tunafundishwa kwamba ukichimba shimo, udongo wa juu unatenga pembeni na kuurudisha kwanza chini, kwa kuwa ndio wenye rutuba. Kwa shamba jipya ni sawa kabisa. Kwa shamba la zabibu la miaka mingi, udongo huo wa juu ndio uliobeba karibu kopa yote, na unaishusha moja kwa moja kwenye mizizi ya mche mchanga. Fanya jaribio dogo la ziada: chupa nne za udongo wa sentimita 0 hadi 10, chupa nne za sentimita 30 hadi 50. Kama wa chini unatoa mizizi bora, geuza utaratibu: jaza shimo kwa udongo wa chini uliochanganywa na samadi, wa juu usambaze kati ya mistari.

Muda wa kuweka ni Oktoba na Novemba, ili samadi ikae na udongo kabla ya mvua. Kama unahitaji chokaa pia, tanguliza chokaa, acha wiki tatu, kisha samadi. Ukivichanganya siku moja, nitrojeni inaondoka kama amonia na utainusa ikiondoka.

Kwa mizabibu iliyopo tayari, chimba mfereji wa duara, sentimita 40 kutoka kwenye shina, kina cha jembe moja, weka samadi, fukia. Usikate mizizi minene. Na usizidishe: mzabibu ulioshiba nitrojeni unatoa majani mengi, majani mengi yanashika unyevu, unyevu unaleta ubwiri, na wewe unarudi dukani kununua kopa. Nusu ndoo kwa shina kwa mwaka inatosha kuendeleza.

Kila mwaka, kwa sababu mboji inaliwa. Vijidudu vya udongo vinaivunja, na kwa joto letu vinafanya hivyo haraka. Inapovunjika, kopa iliyokuwa imeshikwa inarudi huru. Atakayeweka samadi mara moja na kusahau ataona miche ikifanya vizuri misimu miwili mitatu, kisha inaanza kurudi nyuma, naye ataapa ni ugonjwa mpya.

Punguza pia inayoingia. Pulizia kwa kufuata hali ya hewa na dalili, si kwa kalenda. Kiangazi kikavu cha Dodoma si rafiki wa ubwiri wa chini. Soma lebo ujue asilimia ya kopa: mrututu una kama asilimia 25 tu, unga mwingine una 50, na mtu anayepima vyote kwa kopo lilelile anaweka mara mbili bila kujua. Maji ya kusuuzia pampu yarudishe kwenye mistari, yasimwagwe kila siku mahali pamoja.

Onyo moja lisirukwe

Jaribio hili linauliza kama mzizi unakua. Halikuambii kama mboga ni salama kuliwa. Kopa kwa kawaida inaudumaza mmea kabla haijafika kiasi cha kumdhuru mlaji. Kadimi haina adabu hiyo: mchicha unaweza kustawi ukiwa nayo. Kwa hiyo bustani inayomwagiliwa majitaka, kiwanja kilichokuwa gereji, au mahali palipooshewa dhahabu kwa zebaki, usikipe kibali kwa chupa za mtama. Hapo ni maabara tu.

Mambo yakienda kombo

*Mizizi ya chupa zote inalingana na yote imejikunja chini.* Imefika mwisho wa chupa. Hapo hujapima mizizi, umepima urefu wa chupa. Rudia na ufungue siku ya tano. Hii ndiyo sababu ya kukataa vikombe vya mtindi.

*Ndani ya kundi moja miche inapishana sana, mmoja sentimita 3, mwingine 13.* Mbegu hazikufanana, au unyevu haukuwa sawa. Chupa iliyokosa matundu chini inazamisha mizizi nayo inageuka kahawia kama iliyoumizwa na kopa. Inuse: ikinuka uvundo, ni maji.

*D ni mbaya kuliko A.* Samadi haijaiva, au ina chumvi ya mkojo wa zizi. Ilowanishe, igeuze kila wiki kwa mwezi mmoja, rudia. Usiipeleke shambani kwanza.

*C imekuwa nzuri kwenye chupa lakini shambani hakuna kitu.* Mara nyingi samadi imewekwa juu tu, mchwa na jua vimeimaliza. Au shimo limejazwa vizuri lakini mizizi imetoka nje ya shimo na kukutana na udongo ulioachwa. Fukua pembeni ya mche mmoja utazame mizizi imeishia wapi.

*Majani machanga yana njano kati ya mishipa, mizizi inaonekana ya wastani.* Kopa nyingi huufanya mmea ushindwe kupata chuma cha kutosha, na dalili yake ni hiyo. Lakini chokaa nyingi nayo inaleta dalili ileile. Kama ulishamwaga chokaa bila kupima, simama hapo kwanza.

*Nina majivu, siyo chokaa.* Majivu ya kuni yanapandisha pH, sawa, ila nguvu yake inatofautiana na kuni. Weka mara mbili ya kipimo cha chokaa kwenye kundi E, na usitumie ya mbao zilizopakwa rangi au dawa.

*Nataka namba kamili.* Mbali na bwana shamba wa kata, TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Makutupora ndiyo kituo cha utafiti wa zabibu na kiko hapahapa Dodoma, na kwa udongo kuna TARI Mlingano, Tanga, na SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro. Uliza kwanza ni vipimo gani vinafanyika na kwa bei gani. Omba pH, kaboni hai, kopa ya jumla na kopa inayopatikana kwa mmea. Kaboni hai ikiwa chini ya asilimia 1, mboji yako ni kidogo na samadi itakuwa na kazi ya kufanya. Kwenye mfuko wa sampuli andika wazi: "shamba la zabibu, limepuliziwa kopa", na miaka mingapi. Usipoandika, kuna uwezekano mkubwa watakupimia nitrojeni, fosforasi na potasiamu, na kopa haitaonekana popote kwenye karatasi utakayorudi nayo.